Jinsi ya Kubana Matumizi Mpaka Hela Iishe

Uamuzi wa kubana matumizi huja kati ya tarehe 12 na tarehe 18, mshahara ukiwa umeshaaga na mwisho wa mwezi hauonekani hata ukisimama juu ya kiti. Mara nyingi hutangazwa usiku na baba mwenye nyumba, muda mfupi baada ya umeme wa LUKU kukata katikati ya taarifa ya habari. Tangazo lenyewe ni fupi: "Kuanzia kesho, humu ndani tunabana." Anayetangaza hataji atakachobana yeye. Nchi nayo imewahi kutangaziwa hivyo. Baada ya Vita vya Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na wapo wazee wanaoapa kwamba hadi leo hawajasikia tangazo la kuifungua. Wewe unayejiandaa kutangaza nyumbani kwako, hasa kama ni mara ya kwanza na unaishi Dar es Salaam, pitia kwanza maelekezo haya.

Anza na taa. Kubana bila kuzima taa hakutambuliki mahali popote. Pita chumba hadi chumba ukibonyeza swichi na kuuliza kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Hii inamuwakia nani?" Usizime kimyakimya, maana hapo utakuwa umeokoa umeme bila mtu kujua, na huo si ubanaji. Balbu za siku hizi zinatumia kama wati 9. Moja ikiachwa iwake usiku kucha, itachukua zaidi ya siku tisa kumaliza uniti moja. Kwa mteja wa kundi la T1 uniti hiyo ni shilingi 292, na ukijumlisha VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inagota kwenye 356 hivi. Hesabu hii usiifanye mbele ya watoto, kwa sababu watakuuliza habari za pasi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inamaliza uniti hiyo hiyo, na mashati yanayonyooshwa kila asubuhi ni ya kwako.

Ukimaliza taa, hamia kwenye chaja. Chomoa simu ya kijana wa kidato cha tatu ikiwa imefika asilimia 40, umweleze ulivyosoma kwa kibatari ukafaulu. Kuijaza simu ya kawaida kutoka sifuri hadi mwisho hakufikishi shilingi 10 za umeme. Kijana akienda kuchaji kwa fundi wa simu pale barabarani atalipishwa mara nyingi ya hapo, na hela ataiomba kwa mama yake.

Wapo pia wanaozima friji usiku. Friji ni mlaji kweli, hata ile ndogo inaweza kula uniti moja kwa siku. Lakini ikizimwa saa nne usiku na kuwashwa alfajiri, inaanza upya kupooza kila kilichokuwa kimeshapoa, na joto la Dar la mwezi wa pili haliisaidii. Kinachookolewa ni kidogo. Kinachopotea ni samaki wa kilo mbili, ambaye alifuatwa mpaka soko la Feri kwa sababu huko ni rahisi.

Hayo ni ya mwenye mita yake. Mpangaji wa chumba kimoja, katika nyumba ya wapangaji sita na mita moja, anahitaji mafunzo ya peke yake. Huko kubana matumizi ni siasa. Ukutani juu ya mita, kwenye korido, kuna karatasi iliyochanwa kwenye daftari na kubandikwa kwa plasta: FRIJI 10,000. TV NA FENI 5,000. TAA TUPU 3,000. PASI NI MARUFUKU. Sheria hiyo inaheshimiwa na wote mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mita ina kijitaa chekundu kinachopepesa, polepole kama watu wamelala, mbiombio kama kuna kitu kizito kimechomekwa. Muda huo mama wa chumba cha mwisho ameshasimama mbele ya mita, khanga begani, mswaki mdomoni, anakitazama tu. Halafu anagonga mlango wa tatu.

"Umeamkaje, jirani?"

"Salama, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Naona mita inakimbia."

"Nachaji simu tu, dada."

"Simu gani hiyo inanukia kitenge?"

Mgeni wa nyumba za namna hii azingatie jambo moja: asikubali kuwa mkusanyaji wa hela ya LUKU, hata akiambiwa amechaguliwa kwa uaminifu wake. Mkusanyaji ndiye anayejazia pengo la asiyekuwepo, na ndiye anayeshukiwa umeme ukiisha kabla ya Ijumaa. Kisha kuna tarehe mosi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikapandishwa kuwa 1,500. Mkusanyaji asiyejua akinunua umeme wa 2,000 siku hiyo anapata uniti 1.4, na mbele ya wapangaji watano inabidi aeleze 1,500 zimekwenda wapi. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba tarehe mosi simu yake huwa haipatikani, inapatikana tarehe tano, siku ya kupokea pango.

Walioiva kabisa katika somo la umeme ni watu wa D1. Kundi hilo ni la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, na kwao uniti ni shilingi 100 kabla ya makato, yaani 75 zote kwa 9,150. Uniti ya 76 inaruka hadi 350, na ukizidisha mara kwa mara unahamishiwa T1 pamoja na sisi wengine. Ndiyo maana kuna nyumba ambazo ikifika tarehe 26 watu wanalala saa mbili usiku na kusema wamechoka.

Sasa twende jikoni, ambako hela inapita kwa wingi na mtangazaji hafiki. Hapo kuna mtungi wa gesi wa kilo 6, umenunuliwa, umefungwa, na juu yake umetandikwa kitambaa cha kufuma. Unawashwa kwa chai ya mgeni. Kila siku maharage yanachemka kwenye jiko la mkaa, na mkaa unanunuliwa kwa kopo, kopo la asubuhi na kopo la jioni, kwa kuwa gesi "inaisha haraka". Mkaa wa kopo hauishi haraka kwa maana moja tu, kwamba ukiisha hakuna anayeona. Anatumwa mtoto na 2,000 na jambo linasahaulika. Gesi ikiisha inadai makumi ya elfu kwa mkupuo, kwa hiyo inaitwa ghali. Gunia la mkaa nalo linaitwa ghali kwa sababu hiyo hiyo, ingawa makopo yanayotoka ndani yake, ukiyajumlisha, yanaliacha mbali.

Ukitaka kumshtua mbanaji, mtajie sufuria ya presha ya umeme. Atakwambia itamaliza LUKU. Ukweli ni kwamba sufuria hiyo inaivisha maharage kwa umeme usiofika uniti moja, maana ikishapanda presha inazima na kuwaka yenyewe, na moto wake hautoki nje. Kwa T1 hiyo ni chini ya shilingi 356, bei ambayo kwa mkaa wa mjini usingepewa hata ule uliomwagika chini ya gunia. Yenyewe haina bei ndogo, nakubali. Asiye na hela ya sufuria aloweke maharage tangu usiku na afunike chungu kwa mfuniko unaokaa sawasawa. Mkaa utapungua bila tangazo lolote. Magadi yanaharakisha pia, ila yanaua vitamini B1, na wengine tumbo halikubaliani nayo.

Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwaka 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Kwa sasa, anayejaza gesi ajue kwamba uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Mwambie muuzaji apime mbele yako, utoe uzito wa mtungi, uone kama zilizobaki ni kilo 6. Muuzaji anatakiwa kuwa na mzani. Akisema mzani umeharibika, basi na wewe hela imeharibika.

Kutoka jikoni tufike dukani kwa Mangi, na hapa naomba tukae kidogo. Baba anatoka saa kumi na mbili asubuhi, ameacha 10,000 chini ya rimoti. Hiyo ndiyo hela ya kula. Inatakiwa iwe chai, mchana, usiku, mkaa, sabuni ya kipande na nauli ya mtoto. Mama anakwenda kwa Mangi ananunua mafuta robo, sukari robo, majani ya chai ya pakiti ndogo, kisha gengeni nyanya fungu na vitunguu fungu. Jioni baba akiona mafuta ya robo anatoa mhadhara: kwa nini usinunue lita nzima? Hivi hujui kupiga hesabu?

Hesabu anaijua sana. Tuseme lita ya mafuta ni 6,000 na robo ni 1,700. Robo nne ni 6,800, na hizo 800 ni za Mangi, kila wiki, mwaka mzima. Kwenye sukari hivyo hivyo, kwenye sabuni hivyo hivyo. Mangi hajamwibia mtu. Anakata lita yake, anavumilia daftari la madeni, na anafungua duka alfajiri kabla hujaamka. Ila 10,000 iliyo chini ya rimoti haiwezi kutoa 6,000 za mafuta halafu ikapikwa na chakula. Anayepewa hela kwa siku atanunua kwa siku, na anayenunua kwa siku analipa kuliko wote. Kibarua anayelipwa jioni hana namna, na kumkejeli kwa kununua vya kupima ni utovu wa adabu. Mwenye mshahara wa mwezi anayeigawa hela ya kula kama dozi ya malaria, yeye ana namna. Ni kwamba akitoa ya mwezi mzima siku moja, atakuwa amekabidhi na ule usemi wa kila jioni.

Na kuna chenji. Katika ile 10,000, kuna 500 hapa na 1,000 pale ambazo hazirudi chini ya rimoti. Zinakwenda kwa kijumbe, mkusanyaji wa mchezo. Mchezo wa watu 30, kila mmoja 2,000 kwa siku, unampa wa zamu 60,000 mkononi. Hauna riba wala fomu, na dhamana yake ni kwamba kijumbe anakujua unapoishi. Viatu vya shule vya Januari, vile ambavyo baba alishangaa vimetoka wapi, vimetoka kwenye nyanya. Kwa hiyo nyumba nyingi zina mbanaji mmoja wa kweli, na ndiye anayehutubiwa. Mgeni wa somo hili asiulize chenji. Akiuliza atapewa, na Januari atanunua viatu mwenyewe.

Sitakaa sana kwenye safari ya kufuata bei rahisi Kariakoo, maana kila mtu ameshakwenda. Unakwenda kuokoa 3,000 ya mchele. Unapanda magari mawili, unakunywa maji ya baridi kwa ajili ya jua, unaona ndala za watoto "kwa bei ya kutupa", na kurudi unachukua bodaboda kwa sababu mzigo haupandi daladala. Ukifika nyumbani taja bei ya mchele peke yake.

Kuweka akiba, kwa upande wake, kuna vifaa. Cha kwanza ni kibubu. Kanunue cha mbao kwa seremala, kile kisicho na mlango, kilichopigiliwa misumari pande zote, halafu nunua na kisu chembamba cha mezani. Kufikia mwezi wa tatu utakuwa umeshajua kukiinamisha na kuinasa noti kwa ncha. Walio na nidhamu zaidi yako wanaweka ndani ya godoro, au chini ya kabati kwenye kopo la maziwa, na nidhamu nayo ina hatari zake. Benki Kuu ilipoziondoa noti za zamani, zile zilizotolewa kati ya 1985 na 2003 pamoja na ya shilingi 500 ya mwaka 2010, ilitoa muda wa kubadilisha kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025. Aliyeficha vizuri mno mpaka akasahau alipoficha, amebaki na picha.

Kifaa cha pili ni mkopo wa haraka, ambao mtaani umeshapewa jina la kausha damu. Huu unafaa kwa anayetaka kubana lakini ana dharura. Tuseme umechukua 100,000 na unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Siku moja moja haiumi, 5,000 ni kama chakula cha mchana. Mwisho umerudisha 130,000 kwa muda usiofika mwezi, na siku ya 20 wengi huwa wameshakwenda dirisha la pili kukopa wa kulipia wa kwanza. Aliyezima balbu moja usiku kucha kwa miaka miwili hajafikisha hizo 30,000. Anayekopesha kwa biashara anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Omba kuiona. Atakayekufokea kwa kuomba, umeshamjua.

Sasa kadi. Wiki ile ile ya tangazo, simu inalia: umeunganishwa kwenye kundi la wasapu la "Harusi ya Mdogo Wetu". Mdogo wetu humkumbuki. Kadi ya mtu mmoja ni 50,000, ya wawili 100,000, na bado hatujafika sendofu, kichenpati wala sare ya kamati. Mwenyekiti ni mtu mliyesoma naye. Majina yanapandishwa kila saa, aliyeahidi, aliyepunguza, aliyemaliza, na mbele ya jina lako pako wazi. Yule baba aliyemnyima mtoto chaji ya shilingi 10 anaandika kwa mkono usiotetemeka: "Niwekeeni double." Kwa bei ya T1, hiyo laki moja ingewasha balbu moja ya korido, usiku kucha, kila siku, kwa miaka saba.

Simcheki sana katika hili. Alipofiwa, watu walikuja na turubai, viti na rambirambi kabla hajaomba, na waliokuja ni hao hao wenye makundi. Mchango ni bima ya watu wasio na bima. Lakini bima nayo ina kiwango. Anaweza kupanga mwanzoni mwa mwaka kwamba sherehe ni kiasi fulani, misiba kiasi fulani, na kiasi cha sherehe kikiisha mwezi wa nane aandike "nawaombea heri" na atoke kwenye kundi mchana kweupe watu wakimwona. Nimewahi kumwona mtu akifanya hivyo. Alisemwa siku mbili.

Kama umesoma mpaka hapa na bado unataka kubana, basi tangazo liache. Hela ya kula itoe ya mwezi mzima siku ya mshahara na umkabidhi anayepika, usiulize tena mpaka mwisho wa mwezi. Mwezi wa sita na wa saba, mpunga ukishavunwa Mbeya na Morogoro, mchele unashuka bei. Nunueni gunia wakati huo, na gunia la mkaa kama bado mnautumia lilazeni ndani kabla ya masika, kwa sababu mvua ikikata barabara za vijijini, kopo linapanda bei na linapungua ujazo siku hiyo hiyo.